Waliorusha Viti

Upande wa kusini wa mji wa Philadelphia, zinapokutana njia mbili ziitwazo Swanson na Ritner, jirani na nguzo zilizobeba barabara kuu ya I-95, lipo jengo pana lisilo na haiba, ambalo mgeni asiyeijua tarikhi yake angelipita akidhani ni bohari ya mizigo. Katika miaka ya tisini ya karne iliyopita jengo hilo liliitwa Viking Hall; lilikuwa makutano ya kikundi kimojawapo cha wale wanaovaa maleba na kuandamana kila Mwaka Mpya, ambayo ni ada kongwe ya Philadelphia, na usiku wenyeji walikwenda humo kucheza bingo. Lakini kwa kaumu fulani ya watu, ambao wengi wao sasa wameota mvi na wana watoto waliokwisha kuoa, jengo hilo halina jina ila moja, ECW Arena, na ijapokuwa siku hizi limekarabatiwa na kuitwa 2300 Arena, wao bado hulizuru kwa jina lake la zamani, wakapigana picha mlangoni, kisha wakaingia ndani kuyaangalia mabango yenye majina ya wanamieleka wao yaliyotundikwa juu. Sura hii ni ya watu hao kuliko ilivyo ya wanamieleka wenyewe, kwa sababu nitakayoieleza nitakapofika kwenye viti.

Msomaji aliyeijua mieleka ya Marekani kwa njia ya televisheni, yenye majitu ya misuli iliyopakwa mafuta, taa za rangi, fataki na muziki wa kishindo, hana budi kwanza kuiweka kando picha hiyo. Mwaka 1992 mfanyabiashara mmoja wa Philadelphia, Tod Gordon, aliyekuwa akiuza vito na kupokea rehani, aliunda kampuni ndogo ya mieleka iliyoitwa Eastern Championship Wrestling. Kazi ya kupanga nani apambane na nani, na nani ashinde, kwa kuwa katika mchezo huu mshindi hujulikana kabla ya kengele kulia na hilo halikuwa siri kwa mtu mzima yeyote, ilikuwa kwanza mikononi mwa Eddie Gilbert. Ilipofika mwaka 1993 ikaangukia kwa Paul Heyman, kijana wa New York aliyeianza kazi hii tangu ujana wake kwa kupiga picha kandokando ya ulingo, mwenye ulimi wa kuweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe.

Kampuni hii ilikuwa mwanachama wa NWA, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 1948 na ambayo ubingwa wake uliwahi kuwa ndio taji tukufu kupita yote katika mieleka ya Marekani, ijapokuwa zama hizo heshima yake ilikwisha kuchakaa. Usiku wa tarehe 27 Agosti 1994 yalifanyika mashindano ya kuwania taji hilo katika ukumbi wa bingo, na Shane Douglas akaibuka mshindi. Alisimama katikati ya ulingo akiwa ameukumbatia mkanda, akawataja kwa taadhima baadhi ya mabingwa waliouvaa kabla yake, hadhira ikadhani anatoa shukrani. Kumbe alikuwa akiwaaga, maana pale pale aliutupa mkanda chini na kusema kwamba hataki kuwa bingwa wa chama kilichokwisha kufa. Wajumbe wa NWA hawakuwa na habari. Muda si muda neno la kwanza katika jina la kampuni likabadilishwa, ikaitwa Extreme Championship Wrestling, herufi zikabaki zile zile.

Heyman hakuwa na fedha, wala hakuwa na majitu, na aghalabu aliowaajiri walikuwa watu ambao kampuni mbili kubwa za nchi hiyo zilikwisha kuwakataa, ama kwa ufupi wa kimo, ama kwa unene, ama kwa ulevi. Hikima yake, ambayo wajuzi wa mchezo huu wanaitaja mpaka leo, ilikuwa kuzisitiri dosari za kila mtu na kuidhihirisha ile fadhila moja aliyokuwa nayo. Mfano ulio bora ni Sandman, mtu ambaye kwa haki kabisa hatuwezi kumwita fundi wa mieleka: akapewa fimbo ya henzirani, sigara mdomoni na mkebe wa bia mkononi, akaambiwa aingie kwa kupita katikati ya watu huku wimbo wa Metallica ukipigwa, na akatembea taratibu mno, akinywa na kuwanywesha wengine, akijipiga mkebe kwenye paji la uso mpaka damu ikamchirizika, hata ikawa safari yake ya kuufikia ulingo yapendeza kuliko pambano lenyewe. Fauka ya hayo, walikuwamo mafundi wa kweli, na huu ndio upande ambao wengi wanaoikumbuka ECW kwa seng'enge na meza zilizovunjika ni wepesi wa kuusahau: Eddie Guerrero na Dean Malenko walicheza humo mieleka safi ya kushikana na kukunjana, na mwaka 1995 Rey Mysterio Jr. aliletwa kutoka Mexico akiwa kijana mdogo asiyejulikana na Wamarekani, akaruka angani kwa namna ambayo ukumbi ule haukuwa umepata kuiona.

Hapo tena kulikuwa na Sabu. Mjomba wake, Ed Farhat, mzaliwa wa Michigan kwa wazazi wa Lebanon, alitisha viwanja vya mieleka kwa miongo kadhaa kwa jina la The Sheik, akivaa kilemba na kupiga magoti juu ya mswala kabla ya kumchoma mpinzani wake kwa penseli. Ni mzaha ambao msomaji Mwislamu wa pwani yetu unaweza kumkirihi, nami simlaumu, bali ndivyo mieleka ya Marekani ilivyowatengeneza maadui wake siku zote, kwa kuokota vazi la watu na kuliacha lile linalovaliwa kwalo. Mpwa akaurithi urithi huo na kuuzidisha kichekesho, kwani alitangazwa kuwa ametoka Bombay ilhali ni mtu wa Michigan kama mjomba wake. Lakini mtu hacheki anapomwona akijirusha kutoka juu ya kiti, kupita juu ya kamba, akaangukia meza ambayo mara nyingi mpinzani alikuwa ameshaondoka juu yake. Mwili wa Sabu ulijaa makovu ya seng'enge, na makovu hayo hayakuwa ya maleba.

Kwa kuwa maonyesho yao yalirushwa na vituo vidogo usiku wa manane, habari za ukumbi ule zilisafiri kwa kanda za video zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine, zikapelekwa kwa posta toka jimbo hadi jimbo na ng'ambo ya bahari, hata picha ikafifia na sauti ikawa ya kukwaruza. Nadhani kufifia huko kuliwafaa. Mtu aliyepata kanda ya namna hiyo alijiona ameingizwa katika siri, na ukumbi wa watu elfu na ushei ukaonekana kama pango lisilo na mwisho.

Sasa nifike kwenye viti. Tarehe 13 Agosti 1994, wiki mbili kabla ya Douglas kuutupa ule mkanda, Terry Funk na Cactus Jack walikuwa ulingoni katika zogo na kundi la wanamieleka wawili liitwalo Public Enemy, na Funk akamwomba mtazamaji ampe kiti. Akapewa. Kisha mtazamaji mwingine akarusha chake, na wa tatu, na wa kumi, hata anga ya ukumbi ikajaa viti vya chuma vya kukunja vikitoka pande zote, na wale wawili wa Public Enemy waliokuwa wamelala ulingoni wakafunikwa na lundo zima. Mtangazaji aliwasihi watu waache. Hakuna aliyepanga jambo lile, na ni rehema ya Mungu kwamba hapakufa mtu. Lakini picha yake ilirudiwa katika matangazo ya ECW mpaka ikawa mithili ya nembo, nami naiona kuwa ufunguo wa habari yote, maana waliorusha viti hawakuwa wanamieleka.

Aliyepata kuhudhuria taarabu ya Unguja au ya Mombasa anajua kwamba mpenzi anayeinuka kwenda kutunza, kwa mwendo wake, kwa noti yake na kwa ubeti anaouchagua kumlenga mtu fulani aliyeketi, huwa amegeuka sehemu ya onyesho, na mwimbaji humtazamia. Ndivyo ilivyokuwa Philadelphia. Safu ya mbele alikaa kila mara bwana mmoja mwenye kofia ya ukili na shati la maua, asiyekosa, hata watazamaji wa kanda walio mbali wakamjua kama wanavyomjua bingwa. Karibu naye alikuwapo mwingine aliyeandika maneno makali kwenye mabango. Mwanamieleka alipoteleza, ukumbi mzima ulimwambia kwa sauti moja kwamba ameharibu, kwa lafudhi na tamko nisiloweza kuliandika hapa. Alipofanya jambo la ajabu, waliziimba herufi tatu za kampuni kana kwamba wao ndio walioifanya. Na usiku wa tarehe 26 Agosti 1995, Guerrero na Malenko walipopambana kwa mara ya mwisho kabla ya kuchukuliwa na kampuni kubwa ya kusini, watu wale wale wenye ndimi kali waliwabembeleza kwa wimbo wasiondoke, na wanamieleka wawili hao wakakumbatiana na kulia mbele yao. Mieleka haina kilio kingi cha kweli. Kile kilikuwa kimojawapo.

Haifai kuisimulia hadhira hiyo kana kwamba ilikuwa jumuiya ya watu wema. Tarehe 26 Oktoba 1996 mwanamieleka Raven na watu wake walimfunga Sandman juu ya msalaba wa mti na kumvika taji la seng'enge, na ukumbi uliozoea kushangilia kila aina ya ukatili ukanyamaza. Kurt Angle, aliyekuwa ameshinda nishani ya dhahabu ya Olimpiki huko Atlanta katika kiangazi kile kile na alikuwa amealikwa kutazama, alighadhibika akaondoka, na Raven akalazimika kutoka tena kuomba radhi. Haukupita mwezi, tarehe 23 Novemba, huko Revere, Massachusetts, kijana wa miaka 17 aliyedanganya umri wake na kusema amefunzwa mieleka aliingizwa ulingoni kujaza pengo la mtu aliyekosekana, naye mwanamieleka New Jack akampasua paji la uso kwa wembe kwa kina cha kutisha, damu ikafoka, na baba wa kijana akasikika akipiga kelele kwamba mwanawe ni mtoto. New Jack alishitakiwa na baadaye mahakama ikamwachilia. Wasambazaji waliokuwa wamekubali kurusha onyesho la kwanza la ECW la kulipiwa wakaghairi, na hapo wapenzi walipiga simu na kuandika barua mpaka uamuzi ukageuzwa. Yumkini ni kitendo cha uaminifu. Lakini nikiwasikia wakijisifia barua zile, sisikii mara nyingi wakimtaja kijana.

Onyesho lenyewe, Barely Legal, lilifanyika tarehe 13 Aprili 1997 katika ukumbi ule ule wa bingo, na Terry Funk, aliyekuwa na miaka 52 na ambaye zaidi ya miaka 20 nyuma aliwahi kuuvaa ule mkanda wa NWA uliotupwa na Douglas, akashinda ubingwa wa ECW mikononi mwa Raven. Sekunde chache baada ya matangazo kukatika, mtambo wa umeme uliharibika na taa zikazimika. Lau ungeharibika mapema kidogo, pengine kampuni ingekufa usiku ule. Barry Blaustein aliyaingiza matukio ya siku hiyo katika filamu yake ya mwaka 1999, Beyond the Mat, na anayetaka kumwona mzee yule akijipandisha ulingoni kwa magoti yaliyokwisha na aitafute.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Mwezi Agosti 1999 ECW ilipata nafasi katika televisheni ya taifa zima kupitia TNN, lakini kituo hicho kilikuwa kikiwinda mawindo makubwa zaidi, na mwaka uliofuata kilipoipata mieleka ya WWF, mojawapo ya zile kampuni mbili kubwa, ECW ikaondolewa. Hundi za mishahara zilirudishwa na benki. Onyesho la mwisho lilifanyika Pine Bluff, Arkansas, tarehe 13 Januari 2001, na mwezi Aprili kampuni ikajitangaza mahakamani kuwa mufilisi, ikiwa na madeni yaliyokaribia dola milioni 8.9, na miongoni mwa wadai walikuwa wanamieleka wale wale waliovuja damu kwa ajili yake. Kufikia wakati huo Heyman alikwisha kuonekana katika televisheni ya WWF akitangaza. Wadai wengi walimsamehe, jambo ambalo mpaka leo linanistaajabisha.

WWF, kwa jina lake jipya la WWE, ikanunua masalia ya ECW mwaka 2003, yaani jina na kanda, na mwishoni mwa mwaka 2004 ikatoa diski ya historia ya kampuni hiyo, ambayo iliuzwa kupita matarajio ya walioitengeneza. Ndipo ikabainika kwamba huzuni hii ina bei. Mwezi Juni 2005 wapenzi wakafanyiwa karamu mbili kwa siku tatu. Ya kwanza, tarehe 10, ilifanyika Philadelphia katika ukumbi wenyewe, imetayarishwa na Shane Douglas na wenzake, ambao hawakuwa na ruhusa ya kulitumia jina la ECW, na humo Douglas, Funk na Sabu wakapigana ndani ya seng'enge. Ya pili, tarehe 12, ilikuwa ya WWE katika ukumbi wa Hammerstein Ballroom huko New York, wenye roshani na mapambo ya kale, na fedha hazikukosekana: wimbo wa Metallica ulilipiwa, Sandman akaingia kama zamani, na hadhira ikauimba wimbo wote kwa niaba yake. Philadelphia walikuwa na mahali bila jina, New York jina bila mahali. Wengi husema usiku wa New York ulikuwa bora, na kwa mapambano ni kweli, kwani Mike Awesome na Masato Tanaka walichapana usiku ule kama watu wasiojua kwamba miaka imepita. Ila mimi, nikilazimishwa kuchagua, ningechagua ule wa Philadelphia, wenye taa hafifu.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Juni 2006, WWE ilirudi Hammerstein na kumleta John Cena, bingwa wao kipenzi cha watoto, apambane na Rob Van Dam, mmoja wa wale wa ECW ya zamani. Cena, kama ilivyo ada yake, alivua fulana na kuitupa kwa watazamaji, wakamrudishia. Akaitupa tena, ikarudi tena, na tena. Bango moja likaonya kwamba Cena akishinda patazuka ghasia. Ushindi ukaenda kwa Van Dam, na kwa usiku ule, nadhani kwa mara ya mwisho, hadhira ilikuwa tena mchezaji anayehesabiwa. Siku mbili baadaye WWE ikaanzisha kipindi cha kila wiki kwa jina la ECW katika kituo cha Sci Fi, na kwa kuwa kituo hicho ni cha hadithi za mazimwi, usiku wa kwanza ulingoni alitokea mtu aliyevikwa kama maiti iliyofufuka. Sandman alimpiga henzirani. Kipindi kikaburuzwa katika kumbi kubwa zilizojaa watu waliokuja kutazama wengine, Heyman akaondoka Desemba ile ile, na kikakatwa Februari 2010. Jaribio jingine, lililofanywa Orlando mwezi Agosti mwaka huo na kampuni nyingine, lilikuwa la simanzi zaidi, maana liliwakusanya wanamieleka wazee ndani ya studio.

Tangu Februari 2014, WWE ilipoanza kuonyesha hazina yake kwa njia ya intaneti, mtu yeyote aweza kuzitazama zile picha zikiwa safi, jambo ambalo wanakili wa kanda wa zamani wasingeliota. Lakini nyimbo nyingi zimeondolewa kwa sababu ya haki za watunzi, na Sandman anaingia kwa muziki wa bandia huku midomo ya watu ikionekana ikiimba wimbo mwingine. Kwa hiyo wapo wanaoendelea kuzihifadhi zile kanda zenye ukungu. Na wote, wa kanda na wa intaneti, wana tabia moja: hulisimamisha pambano katikati ili waangalie nyuma ya wanamieleka, kwenye viti, wakitafuta sura zao au za jamaa waliokwenda nao.

Wakitafuta hivyo huona na mengine. Huona wanawake wakibwagwa juu ya meza na ukumbi ukiripuka kwa furaha, wao wenyewe wakiwamo. Huwaona Axl Rotten na Balls Mahoney, wawili ambao fani yao ilikuwa kupiga watu vichwa kwa viti na kupigwa, pigo la wazi bila kinga ya mkono. Wote wawili walifariki mwaka 2016, mmoja Februari na mwingine Aprili, kila mmoja akiwa na miaka 44, na ubongo wa Mahoney ulikutwa na maradhi yale yatokanayo na vishindo vya kichwa. WWE ilikwisha kulipiga marufuku pigo hilo mwaka 2010. Wapo wapenzi ambao baada ya kuyajua haya hawawezi tena kutazama. Wapo ambao husogeza picha mbele kiti kinapoinuliwa. Na wapo wanaosema kwamba watu wale walikuwa wazima na walichagua, kauli ambayo ina ukweli wake, ila ningependa kuisikia kutoka kwa wajane kabla ya kuisikia kwa watazamaji.

Aprili 2024, wakati WWE ilipofanya tamasha lake kubwa huko Philadelphia, Heyman aliingizwa katika orodha yao ya watukufu, na watu waliokuwamo wakaziimba zile herufi tatu. Funk hakuwapo, alifariki Agosti 2023. Sabu alipigana pambano lake la kuaga Aprili 2025 huko Las Vegas, akiwa na miaka 60, dhidi ya Joey Janela, ambaye ECW ilipokufa alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, na badala ya kamba ulingo ulizungushiwa seng'enge. Tiketi zilinunuliwa. Hakutimiza mwezi, alifariki tarehe 11 Mei. Kuna wapenzi wanaosema haikupasa aruhusiwe, na kuna waliokuwapo wanaosema hawatausahau usiku ule maisha yao yote. Niliowasikia mimi, aghalabu huyasema yote mawili, na kwa pumzi moja.